Moyo wa Kipanga

Kila Jumamosi asubuhi Kipanga alifanya biashara na mdogo wake, na kila Jumamosi mdogo wake alipandisha bei. Biashara yenyewe ilikuwa hivi: Kipanga anaosha vyombo vyote, anapiga deki sebule na jikoni, na mdogo wake anachukua beseni la nguo zilizofuliwa na kwenda kuzianika barazani.

"Leo na viatu vyangu vya shule uvisafishe," mdogo wake alisema, beseni likiwa mikononi.

"Viatu nilivisafisha juzi."

"Basi shika beseni uanike mwenyewe."

Kipanga akavuta viatu na kutafuta brashi. Waliishi ghorofa ya nne, na baraza lao lilizungushiwa vyuma vyembamba ambavyo ukivitazama unaona moja kwa moja mpaka chini, kwenye paa la banda la baiskeli. Kipanga hakupenda kufika pale. Akisogea hatua tatu tu kutoka mlangoni, magoti yalikuwa yakilegea kama uzi uliolowa, na viganja vikitoa jasho. Hakujua hali hiyo ilianza lini. Alichojua ni kwamba mdogo wake peke yake ndiye aliyeigundua, na alikuwa akiila kama mshahara.

Mtu mwingine yeyote angekataa kuamini. Jina la Kipanga alilipata uwanjani. Alikuwa mlinda lango wa timu ya wasichana ya shule yao, na siku moja mwalimu wa michezo alimwona akiruka na kunyaka mpira uliokuwa ukielekea pembeni mwa goli, akapiga kelele, "Huyu si mtoto, huyu ni kipanga!" Tangu siku hiyo jina likamganda. Walimu walimwita hivyo, majirani walimwita hivyo, hata mama yake, ambaye ndiye aliyempa jina lake la kuzaliwa, alilisahau kwa siku nzima nzima. Na nani angefikiri kwamba mtoto mwenye jina la ndege anaogopa kutazama chini?

Mwezi ule darasa la akina Kipanga, la sita, lilishinda mashindano ya usafi wa shule. Zawadi yao ilikuwa safari ya siku moja kwenye bustani ya michezo iliyokuwa nje kidogo ya mji. Mwalimu wa darasa alipotangaza habari hiyo, madawati yalipigwa ngoma mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia dirishani.

Tangu hapo wanafunzi walizungumza kitu kimoja tu: Mnara wa Mporomoko. Wengi wao walikuwa wameuona kwa mbali, ukichomoza juu ya miti kama sindano. Ulikuwa mnara wa chuma wenye kimo cha jengo la ghorofa kumi na mbili, umezungukwa na viti kumi na viwili vilivyopangwa kama mkufu shingoni. Viti hivyo vilipanda polepole mpaka kileleni, vikasimama kidogo, kisha vikaachiliwa.

"Mimi nitapanda mara tano," alisema mvulana mmoja waliyemwita Jenerali kwa sababu ya sauti yake. "Tena mikono juu. Sishiki popote."

"Mimi nitakaa na Kipanga," alisema Mapengo. Huyu alikuwa rafiki mkubwa wa Kipanga tangu darasa la kwanza, wakati meno yake ya mbele yalipong'oka yote kwa wiki moja. Meno yaliota zamani, lakini jina lilikataa kuondoka. "Nikikaa na Kipanga sitaogopa. Yeye haogopi kitu. Au siyo?"

Watu wote wakamgeukia. Kipanga akacheka kicheko kikubwa kuliko kawaida yake.

"Nani aogope chuma?" akasema.

Jioni ile mama yake aliijaza fomu ya safari juu ya meza ya kulia, miwani ikiwa imemshukia puani. Mama alikuwa fundi wa kushona katika kiwanda cha sare kilichokuwa karibu na bustani ile, na hata akiwa nyumbani vidole vyake vilikuwa vikinyoosha kila karatasi kama kitambaa.

"Mtoto ana ugonjwa wowote?" mama alisoma kwa sauti, kisha akaandika huku akitamka, "Ha-na. Afya ya chuma." Akaweka sahihi, akamtazama binti yake. "Mbona umenuna? Hutaki kwenda?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Kipanga aliiona nafasi hiyo waziwazi, ikiwa imekaa katikati yao mezani. Akaiacha ipite.

"Nataka," akajibu. "Nimechoka tu."

Siku ya safari ilifika. Asubuhi walipanda magari ya kugongana, wakazunguka na farasi wa mbao, wakala mkate na mayai ya kuchemsha kwenye nyasi. Kipanga alicheka na wenzake, lakini macho yake hayakukaa mbali na ule mnara. Kila baada ya dakika chache kilisikika kitu kilekile: kimya, kisha mvumo kama wa shuka linalochanwa, kisha mayowe ya watu kumi na wawili kwa pamoja.

Saa tano na nusu walipanga foleni. Mbele yao ulikuwa mlango mdogo wenye mnyororo, na kando ya mlango ubao mkubwa mweupe wenye maandishi mekundu. Aliyesimamia mnara alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli ya bluu, na kiunoni alikuwa na funguo nyingi zilizolia kila alipogeuka. Sauti yake ilikuwa ya mkwaruzo, sauti ya mtu aliyezoea kushindana na mashine.

"Sikilizeni nyote," alisema. "Mwenye ugonjwa wa moyo, pumu, kifafa, au aliyevunjika mfupa karibuni, aseme sasa hivi. Kule juu simshushi mtu katikati ya safari. Nani?"

Hakuna aliyejibu. Kundi la kwanza likaingia, Jenerali akiwa hayumo, kwa sababu alikuwa amekimbilia chooni kwa mara ya tatu, akisema tumbo linamuuma. Kipanga aliinua uso. Alivitazama viatu vya wenzake vikipanda, vikining'inia hewani, vikawa vidogo kama punje. Viti vikafika kileleni, vikasimama. Halafu vikaanguka.

Waliposhuka walikuwa wakicheka na kuyumba. Yule mwanamke, fundi wa mnara, akafungua mnyororo.

"Kumi na wawili wengine. Haya, twende."

Mapengo alimshika Kipanga mkono na kumvuta. Kipanga hakusogea. Macho yake yalikuwa kwenye ubao mweupe, na kabla hajapanga la kusema, mdomo ulikwisha kusema.

"Mimi nina moyo."

Fundi alimtazama. "Kila mtu ana moyo, binti. Unamaanisha ugonjwa wa moyo?"

Kipanga akaitikia kwa kichwa.

Alikuwa amedhani kwamba ataambiwa akae pembeni, basi, na wengine waendelee. Haikuwa hivyo. Fundi alifunga mnyororo, akabonyeza kitufe chekundu, taa zote za mnara zikazimika. Akachomoa simu ya upepo kiunoni na kusema maneno machache ya haraka. Kisha akapiga magoti mbele ya Kipanga, uso kwa uso.

"Unasikia maumivu kifuani?"

"Kidogo."

"Usitembee. Kaa hapa hapa chini."

Mwalimu wa darasa akaja mbio, faili la fomu likiwa kwapani. Alipekua karatasi mpaka akaipata yenye jina la Kipanga, akaisoma mara mbili.

"Hapa imeandikwa huna ugonjwa wowote."

"Mama alisahau," alisema Kipanga.

Chumba cha huduma ya kwanza kilikuwa nyuma ya kibanda cha tiketi. Kilikuwa na kitanda chembamba, pazia la kijani, kabati la kioo na saa ya ukutani iliyosikika vizuri kuliko saa nyingine zote alizowahi kusikia. Muuguzi, kijana mtaratibu mwenye miwani, alimlaza, akamshika kifundo cha mkono na kuitazama saa ile. Akahesabu. Akahesabu tena. Uso wake ukabadilika.

"Mia moja thelathini na mbili," akamwambia mwalimu kwa sauti ya chini. "Na mtoto amelala, hakimbii."

Kipanga alisikia. Moyo wake ulikuwa unakimbia kweli, lakini yeye peke yake ndiye aliyejua unakimbia nini.

"Unatumia dawa gani?" muuguzi alimuuliza.

"Vidonge."

"Vya rangi gani?"

"Vyeupe."

"Unakunywa vingapi kwa siku?"

"Viwili. Vitatu wakati mwingine."

Muuguzi akaandika yote hayo kwenye daftari. Kipanga aliitazama kalamu ikitembea, na kila neno lililoandikwa lilimfanya aone ni vigumu zaidi kulirudisha. Mwalimu alitoka nje kumpigia simu mama yake. Muuguzi naye akapiga simu nyingine, na Kipanga akasikia maneno "gari la wagonjwa" na "haraka".

Nje, mchezo ulikuwa umekwisha. Sheria ya shule ilisema wanafunzi wasipande chombo chochote bila walimu wawili kuwapo, na mmoja wa walimu wawili waliokuja sasa alikuwa kwa mgonjwa. Kwa hiyo wanafunzi ishirini na saba walikalishwa kwenye mabenchi chini ya turubai, wakiutazama mnara uliozimwa.

Pazia likasogea. Mapengo aliingia kwa kunyata, amebeba chupa yake ya maji na sweta lake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwalimu amekukataza kuja," Kipanga alinong'ona.

"Najua." Mapengo akamfunika sweta miguuni, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Kwa nini hukuniambia? Mimi nakwambia kila kitu."

Kipanga aligeuzia uso kwenye pazia.

"Bibi naye hakutuambia," Mapengo aliendelea. "Alisema amechoka tu, anakwenda kulala kidogo. Kumbe ni moyo. Tulidhani amelala mpaka chakula kikapoa." Alimshika Kipanga mkono na kuubana kwa nguvu. "Wewe usilale. Tuongee. Mpaka gari lije, tuongee tu."

Kipanga alikumbuka msiba ule. Ulikuwa mwaka uliopita, na Mapengo hakuja shule kwa wiki mbili. Alikuwa amesahau kabisa kwamba bibi yake alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Au hakuwa amesahau; hakuwaza tu. Alitamani mkono ule umwachie, na aliogopa usije ukamwachia.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Mama yake aliingia akiwa bado amevaa aproni ya kiwandani, utepe wa kupimia ukiwa shingoni na pini tatu zikiwa zimechomekwa kwenye kola. Alikuwa anahema kama mtu aliyepanda ngazi mia. Muuguzi alianza kumweleza: mapigo ya moyo, maumivu kifuani, vidonge vyeupe.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Mtu mwingine angesema, "Mtoto wangu hana ugonjwa huo, na vidonge hivyo sivijui." Mama hakusema hivyo. Aliketi kwenye kiti polepole, akamtazama binti yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Vidonge amevipata wapi?" akauliza, si kwa hasira. "Ulikuwa unaumwa, mwanangu, ukanificha? Unajinunulia dawa mwenyewe?" Kisha akamgeukia mwalimu. "Mimi ndiye niliyeandika hana. Nimeandika kwa mkono wangu. Mama gani huyu asiyejua kama mwanawe anaumwa? Nashona nguo za watoto wa watu kutwa nzima, wangu simtazami."

Akajifuta macho kwa ncha ya aproni. Nje injini ya gari ilisikika ikisimama.

Kipanga aliinuka, akakaa kitandani.

"Mama, mimi siumwi."

"Lala, lala. Gari limefika."

"Siumwi, mama. Naogopa."

"Usiogope, nitakuwa nawe. Hospitali hawatakufanya kitu."

"Siogopi hospitali!" Sauti yake ikapasuka. "Naogopa mnara. Naogopa juu. Sina ugonjwa wowote, na vidonge hakuna, nimevitunga. Nilisema vile ili nisipande."

Muuguzi alivua miwani yake na kuifuta, ingawa haikuwa na uchafu. Mapengo aliuachia mkono wa Kipanga. Alichukua chupa yake, akachukua na sweta lake kutoka miguuni kwa Kipanga, akatoka.

Muuguzi alimpima tena Kipanga, safari hii kwa kirefu. Akamsikiliza kifuani kwa chombo chake, akamuuliza mama maswali kadhaa. Mwishowe akasema, "Moyo ni mzima. Ulikuwa unakimbia kwa hofu tu, na sasa umeanza kupungua." Akatoka kwenda kuzungumza na dereva wa gari la wagonjwa. Gari lile likageuza na kuondoka tupu.

"Unajua kwamba hilo ndilo gari pekee la upande huu wa mji?" muuguzi alimuuliza aliporudi.

Mwalimu wa darasa alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo aliyapunguza zaidi. "Wenzako wamekaa kwenye mabenchi kwa muda wa saa nzima kwa ajili yako," alisema. "Sitawaeleza mimi. Utawaeleza mwenyewe."

Kipanga alimtazama mama yake, akitumaini atamtetea. Mama alikuwa akizungusha utepe wa kupimia kidoleni, akiukunja na kuukunjua. "Nenda," akasema. "Mimi nakufuata nyuma."

Kutoka chumba kile mpaka kwenye turubai palikuwa na hatua kama hamsini. Kipanga alizitembea akitazama vidole vya miguu yake. Aliposimama mbele ya mabenchi, wenzake walianza kuuliza kwa pamoja: unaendeleaje, unapelekwa hospitali, utapona? Msichana mmoja alikuwa amemkusanyia pipi. Hilo lilikuwa baya kuliko kama wangemzomea.

"Siumwi," alisema. "Nilidanganya. Naogopa kwenda juu. Huwa naogopa hata barazani kwetu. Niliona aibu kusema, nikasema naumwa, na mmekosa kucheza kwa sababu yangu. Nisameheni."

Manung'uniko yakaanza, na mmoja akasema kwa sauti, "Saa nzima!" Kipanga alisubiri kicheko. Kipanga anayeogopa juu, hicho ni kichekesho cha mwaka mzima. Lakini kabla mtu hajacheka, mkono mmoja uliinuka benchi la nyuma. Ulikuwa mkono wa Jenerali.

"Hata mimi naogopa," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuvuka benchi la mbele. "Sikuwa naumwa tumbo. Nilikuwa nasimama tu kule chooni."

Hapo kicheko kililipuka, lakini kilikuwa cha aina nyingine, na Jenerali mwenyewe alikuwa ndani yake. Msichana mwenye pipi naye akainua mkono. "Na mimi," akasema. "Nilikuwa naomba Mungu mvua inyeshe." Wakawa watatu.

Mapengo peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi, amegeuzia uso upande wa pili.

Fundi wa mnara alikuwa amesimama karibu, akisikiliza yote. Akafungua mnyororo na kuwasha taa. "Muda uliobaki unatosha kwa mizunguko miwili," alimwambia mwalimu. "Ambao hawajapanda waanze. Nyie watatu wenye hofu, njooni hapa kwangu kwanza."

Walimwendea. Kipanga alidhani watakaripiwa. "Samahani, fundi," alisema mapema.

"Samahani yako nimeipokea. Umenizimisha mashine bure, lakini kesho ukiniambia tena unaumwa, nitaizima tena. Sina njia ya kujua nani mkweli na nani mwongo, kwa hiyo namwamini kila mtu." Aliwapeleka mpaka kwenye nguzo ya mnara, akawaonyesha vibamba virefu vya chuma vilivyopangwa kuanzia chini kwenda juu. "Hizi ndizo breki. Zinafanya kazi kwa sumaku. Umeme ukikatika, zinashika. Mimi nikianguka hapa nikazimia, zinashika. Sumaku haina habari na umeme wala na mimi."

"Wewe huogopi?" Jenerali aliuliza.

"Kila asubuhi, kabla hamjafika, napanda ngazi ile mpaka kileleni kukagua kila skrubu. Na kila asubuhi, nikifika katikati, tumbo linanikaza. Nafunga mkanda, naukagua, naukagua tena, naendelea. Wakija vijana kuomba kazi huwa nawauliza: unaogopa urefu? Anayenijibu haogopi hata kidogo simpeleki juu. Huyo ndiye atakayesahau kufunga mkanda."

Alivuta kiti kimoja, akakishusha chuma cha bega na kukibana kwa kishindo. "Kiti kipo. Ukikaa, sawa. Usipokaa, sawa vilevile, utabaki hapa unisaidie kuhesabu watu. Hapa hapandi mtu kwa kulazimishwa wala kwa kuona haya. Fikirini."

Mzunguko wa kwanza ulipanda, ukashuka. Msichana mwenye pipi alifikiri, akasema atabaki kuhesabu. Hakuna aliyemcheka. Jenerali alikaa kitini, akasimama, akakaa tena. Kipanga aliitazama mikono yake. Ilikuwa na jasho lilelile. Hofu ilikuwa palepale ilipokuwa asubuhi, haikupungua hata chembe. Kitu kilichoondoka ni ule mzigo wa kuificha. Akagundua kwamba bila mzigo ule angalau anaweza kutembea.

Akakaa kando ya Jenerali. Fundi alimfunga mkanda, akaukagua, akaukagua tena. Mama alikuwa amesimama nje ya mnyororo, mkono mmoja mdomoni.

"Kumi na mmoja," msichana mwenye pipi alihesabu. "Bado mmoja."

Mtu mmoja alizunguka nyuma ya nguzo na kuketi upande wa pili, ambako Kipanga hakuweza kumwona.

Viti vikaanza kupanda. Kwanza yakaja matawi ya miti, kisha vichwa vya miti, kisha miti ikawa majani tu. Kipanga alifumba macho. Akakuta kwamba gizani ni kubaya zaidi, akayafumbua. Aliona paa la turubai, likiwa dogo kama leso. Aliona barabara, maghorofa ya mji, na mto ambao hakujua kwamba uko karibu kiasi kile. Miguu yake ilining'inia juu ya hewa tupu. Magoti yalilegea, lakini hapakuwa na haja ya magoti. Kando yake Jenerali alikuwa akisema "mama, mama, mama" bila kukoma.

Viti vikasimama. Kule juu kulikuwa na upepo tu.

"Kipanga!" Sauti ilitoka upande wa pili wa nguzo. Ilikuwa ya Mapengo. "Upo?"

"Nipo!"

"Unaogopa?"

"Naogopa sana!"

"Hata mimi! Lakini bado nimekukasirikia!"

Kipanga alifungua mdomo ili ajibu, na hapo hapo vikaachiliwa. Tumbo lilibaki juu, mwili ukaenda chini. Sauti aliyoitoa hakuijua kama ni yake. Miti ikapanda kwa kasi, kisha kitu kikubwa, laini na chenye nguvu kikawashika kutoka chini, kasi ikayeyuka, na miguu ikawa juu ya ardhi. Yote hayo yalichukua muda mfupi kuliko kufunga kamba za kiatu.

Fundi alifungua mikanda. Jenerali alibusu kiti. Kipanga alisimama, akayumba, akashika nguzo. Mapengo alitokea upande wa pili, nywele zimesimama.

"Nimekusamehe nusu," alisema Mapengo. "Nusu nyingine mpaka Jumatatu."

"Sawa," alisema Kipanga. "Bibi yako... sikufikiri. Nisamehe na hilo."

Mapengo aliinamisha kichwa, akakiinua, wakatembea pamoja mpaka kwenye mnyororo bila kushikana mikono.

Saa nane mwalimu aliwapanga wanafunzi kwenda kwenye basi. Mama ilimbidi arudi kiwandani. Msimamizi wake alikuwa amempa ruhusa mpaka saa tisa tu. Alimvuta Kipanga kando ya lango, akamtoa jani lililonasa kwenye nywele.

"Bado unaogopa juu?" akauliza.

"Bado."

"Nilidhani sasa imekwisha."

"Haijaisha, mama. Nadhani hata nikipanda tena nitaogopa."

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akamshika mabega yote mawili.

"Sikia, mwanangu. Kuogopa si kosa, na sikukasirikii kwa hilo. Lakini hofu na ugonjwa ni vitu viwili. Ukiniambia unaogopa, nitakushika mkono. Ukiniambia unaumwa, naacha kazi, nakimbia njia nzima nikidhani nitakukuta umekufa. Leo nimekimbia. Yule kijana wa miwani amekimbia, lile gari limekimbia, na huenda kulikuwa na mtu mahali pengine aliyelihitaji kweli. Uongo wako ulikuwa wa maneno matatu tu, na tazama watu wangapi wameubeba. Ukweli wako nao ulikuwa wa neno moja, na umeubeba wewe peke yako, tena ukawapunguzia wenzako wawili mzigo wao. Siku nyingine anza na lile neno moja."

"Nitaanza nalo, mama."

"Lipi?"

"Naogopa."

"Basi," mama alisema. Alirekebisha utepe wa kupimia shingoni, akavuka barabara na kwenda zake kazini, akitembea.